Benta, Kuna Nini Ndani ya Sanduku?

Langas, Eldoret
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwako dada Benta,

Pokea salamu za kila mtu hapa, hata kuku. Mama hajambo, goti lake linalalamika tu wakati kuna vyombo vya kuosha. Mimi kazi imenijaa mpaka kwa koo. Unajua Januari ya fundi wa nguo: kila mzazi wa Langas ameamka leo akakumbuka ana mtoto na mtoto ana shule. Tangu mwaka mpya nimeshona sketi sitini na mbili. Mama anasema hata ukiwa mtawa wewe bado ni yule msichana wa dada yake aliyeletwa hapa na miaka saba, kandambili moja nyekundu na moja ya buluu, kwa hivyo huko Nyeri uvae sweta.

Sasa. Wueh! Jana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa msimulizi wa ule mchezo wetu wa hadithi na dadu, na nimecheka, nimelia, halafu nikacheka tena. Miaka minne nilikuwa nakuangalia ukiongoza nikidhani ni kazi rahisi. Unakaa mwisho wa meza, unawaambia wachezaji wako wapi na wanaona nini, wao wanasema watafanya nini, dadu inarushwa, hadithi inasonga. Uongo mtupu! Kwa nini hukuniambia?

Wiki mbili nimetengeneza kijiji. Kijiji kizima, Benta! Kina chifu, kina soko la Alhamisi, kina mjane anayefuga nyuki na ana siri yake. Wachezaji wangu watatu wakafika njia panda: kushoto kijiji, kulia kichaka. Mabonga akasema, "Twende kichakani." Kwa nini, Mabonga? "Nimejisikia tu." Masaa matatu kichakani, na mimi sikuwa nimeandika kitu hata kimoja cha huko. Ikabidi nibuni sungura. Chepkorir, mwalimu wetu wa Moiben, akakataa kumpiga mshale mpaka ajue sungura ni wa nani.

Muchiri, anayecheza mchawi, bado ni karani wa wakili, na bado anaishi ndani ya kitabu cha sheria za mchezo. Nikisema mlango umefungwa, anapanguza miwani, "Kulingana na ukurasa wa sabini na nne..." Nikisema umefunguliwa, pia huo una ukurasa wake. Naye Mabonga kila akitaka kurusha dadu anauliza ni gani. Miaka minne! Ni ile ya pande ishirini, Mabonga, ile kubwa, hiyo umeishika.

Halafu wakaniuliza kuhusu lile sanduku la shaba. Ni miaka mitatu tangu uwape. Wamelivusha mito, wamelilalia vitani, na kila wakitaka kulivunja wewe ulikuwa unatabasamu tu, "Siku yake itafika." Nimepekua daftari uliloniachia, kurasa zote mia mbili. Kuhusu sanduku umeandika neno moja: "Sanduku!" Na alama ya mshangao. Aki Benta, kuna nini ndani?

Mama ameniambia unataka kila mtu wa nyumba akuandikie barua ya baraka kabla ya nadhiri zako. Nimesikia. Sasa acha nirudi kwa cherehani.

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Perez


Nyeri
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa Perez,

Nimesoma barua yako mara tatu, na namshukuru Mungu kwamba mara ya tatu sikuwa kanisani. Mimi ni mzima. Huku ni baridi, asubuhi maji yanauma meno. Nimepewa zamu ya nguruwe, na kuna jike moja limenichagua mimi kuwa adui yake. Mwambie Mama sweta ninayo, nimeivaa hata sasa.

Utaratibu wa hapa ujue: simu hatuna, na sisi wanovisi, tulio bado kwenye malezi, tunaandika barua Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Kila barua, inayoingia na inayotoka, inasomwa kwanza na mlezi wetu Sista Imelda. Yako ilimkalisha chini. Aliniita, akaniuliza pole pole kama nyumbani tuna mchawi. Nikamweleza kwamba mchawi ni Muchiri, na kwamba ni wa karatasi. Akaikunja barua yako. Halafu akauliza, "Na yule sungura alikuwa wa nani?"

Sikiliza, nikupe siri ya kazi. Wachezaji hawataenda unakotaka. Hawajawahi, hawataweza. Usikitupe kile kijiji chako. Kitoe kushoto ukakiweke nyuma ya kichaka. Nani atajua?

Kuhusu sanduku, siku yake itafika.

Kuhusu ile barua. Tarehe kumi na tano Agosti, Mungu akipenda, naweka nadhiri za kwanza, na siku hiyo barua za baraka za nyumbani zinasomwa mbele ya watu. Mama ameshaandika. Mjomba Omollo ameshaandika, na unajua Mjomba huwa haandiki hata jina lake bila kusukumwa. Umebaki wewe. Si lazima iwe ndefu.

Wako katika Kristo na katika matope ya nguruwe,
Benta


Langas
16 Machi 2025

Dada wa nguruwe,

Hapa ni salama. Mvua imeanza kupiga, barabara ya kwetu imerudi kuwa mto. Mama amepanda sukuma nyuma ya choo na anaongea nayo kuliko anavyoongea na mimi.

Kijiji nyuma ya kichaka! Wameingia wote, mzima mzima! Mabonga alisema, "Unaona? Nilijua huku kuna kitu." Nilijiuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Lakini ngoja nikwambie ya joka. Nilikuwa na joka, Benta, nimelichora mwenyewe kwa kalamu ya kupimia nguo. Mabawa, moto, meno. Limechoma ghala la kijiji. Nikasimama juu ya stuli, nikanguruma mpaka jirani akagonga ukuta. Mabonga akanyanyua shoka. Hapo Chepkorir akainua mkono na kuniuliza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Huyu joka ana wazee wake?"

Nikasema sijui. Nilikosea sana kusema sijui! Akasema basi watafutwe, kwa sababu mambo ya ghala ni mambo ya kufidiwa, mtu hawezi kukimbilia vita kama hakuna aliyeketi na mwenzake. Kwa hivyo sasa nina wazee wa majoka, saba. Wanakaa pangoni, wanataka maziwa lala kabla ya kuongea. Muchiri akaandika masharti. Jumamosi mbili, dada, Jumamosi mbili mfululizo tumekaa kwa meza yangu ya kukatia nguo tukibishania joka atoe mbuzi wangapi. Wamefika kumi na wawili. Mabonga hajarusha dadu hata moja, anashika tu shoka na kuuliza, "Sasa?"

Na kuwapata wote siku moja ndiyo vita yenyewe. Chepkorir yuko shambani kwao Moiben akipanda mahindi. Mabonga anafanya shifti kwa kituo cha petroli, na shifti inabadilishwa kila anaponiahidi. Muchiri yuko kwa kamati ya kila harusi Eldoret hii. Mtu akiwa huru, wengine wawili wamefungwa. Kumshinda joka ni rahisi kuliko kupata Jumamosi.

Wakimaliza mbuzi wanarudi kwa sanduku. Sasa wamepiga kambi kaburini kwa mfalme fulani na wameapa hawatoki mpaka lifunguliwe. Benta, niambie tu. Hata kwa herufi ya kwanza.

Perez


Nyeri
6 Aprili 2025

Mpendwa Perez,

Amani kwa nyumba yote. Yule jike amezaa watoto tisa na sasa ananivumilia. Nimejifunza kuoka mkate. Wa kwanza tuliwapa nguruwe, wa pili tulikula kwa heshima.

Sista Imelda anasema mbuzi kumi na wawili ni wengi kwa ghala moja. Anasema wanane wangetosha, na ngozi za kurudishwa. Ametoka ukoo wa wazee wa mabaraza, usimdharau. Mwambie Chepkorir.

Kuhusu sanduku sina la kuongeza.

Ila nikuulize kitu. Umeandika kurasa sita. Kuna joka, kuna wazee wa joka, hata mbuzi nimewahesabu. Hakuna mstari mmoja kuhusu Agosti. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na sita, Perez, najua ukigeukia ukuta. Umenikasirikia?

Benta


Langas
11 Mei 2025

Benta,

Sijakasirika. Nani amesema nimekasirika? Niko na kazi.

Mama hajambo. Sukuma imekubali.

Huku kwa mchezo mambo yameharibika lakini kwa njia ya kuchekesha. Muchiri alimwambia Mabonga shoka lake haliwezi kufika upande ule wa kaburi, kulingana na ukurasa sijui wa ngapi. Mabonga akamwambia aoe hicho kitabu. Wakarushiana maneno mpaka Chepkorir akagonga meza kwa rula yangu na kuitisha mkutano. Mkutano kabisa! Ukafunguliwa kwa maombi. Chepkorir akachaguliwa mwenyekiti, Muchiri katibu, na Mabonga mtunza dadu, kwa sababu wote walikubaliana ni lazima ajifunze kuzijua. Ajenda ilikuwa moja tu, sanduku. Wamesema mimi sijui, wewe unajua, na kwa hivyo jambo lipelekwe mbele. Wapi huko mbele, sijui.

Nakimbia, kuna bibi harusi hapa mlangoni na gauni halijafunga.

P.


Nyeri
1 Juni 2025

Perez,

Salamu kwa Mama. Leo siwezi kuzungusha.

Mama Mkuu wa masista hapa amepata barua. Imechapwa, imekunjwa mara tatu, na juu imeandikwa hivi: "YAH: OMBI LA KUMWAZIMA NOVISI BENTA AYOO KWA JUMAMOSI MOJA." Ninakunukulia, kwa sababu nimeisoma mpaka nimeikariri: "Sisi tuliotia saini hapa chini tunaomba kukujulisha kwamba mtajwa ana siri ya sanduku la shaba, kwamba mchawi wetu na wenzake wamekwama kaburini tangu mwezi wa tatu, na kwamba asipoletwa upesi kuna watu watakufa."

Watu watakufa! Mama Mkuu ana miaka sabini na minne. Aliifungua wakati wa kifungua kinywa.

Niliitwa ofisini. Walikuwa watatu. Waliniuliza nilikuwa dhehebu gani kabla ya kuja hapa. Waliniuliza kaburi liko wapi na kama polisi wanajua. Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu, mpaka nikajisikia nikisema, "Hapana, Mama, joka tulishakubaliana naye." Mbele ya watu wengine ningecheka. Siku hiyo nililia.

Mama Mkuu amesema atafikiria mpaka Julai kama niweke nadhiri mwaka huu au ningoje mwaka mzima. Mwaka mzima, Perez.

Saini zilikuwa nne. Ya mwenyekiti, ya katibu, ya mtunza dadu. Ya nne ina herufi P yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote. Ile P nilikufundisha mimi.

Kwa nini?

Benta


Langas
8 Juni 2025

Dada yangu,

Niliweka saini. Niseme hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea.

Muchiri alipoleta ile barua tulicheka mpaka Mabonga akaanguka kutoka kwa stuli. Nilijiambia ni mzaha. Lakini niliisoma mara mbili, Benta, na nikaona vizuri kabisa vile itasikika kwa mtu asiyetujua. Nikaona. Halafu nikachukua kalamu. Nilitaka wakurudishe. Nilitaka waseme huyu hatufai, mpelekeni kwao, na wewe ushuke hapo kituoni na kile kimfuko chako nije nikuchukue.

Hiyo ndiyo sababu siandiki ile barua ya baraka. Ulipoenda ulinipatia daftari na ukaniambia endelea. Niendelee na nini? Kitanda kimekuwa kikubwa. Nikichekeshwa na kitu nageuka kukwambia, nakuta ukuta. Ndiyo, nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nimeshindwa kusema, nikaanza kukuandikia mambo ya mbuzi.

Wengine nimewaambia ukweli wote. Mabonga alivua kofia. Muchiri akakaa siku mbili akiandika "YAH: KUONDOLEWA KWA OMBI", aya kumi na moja, na Chepkorir akazikata kwa kalamu nyekundu zikabaki sentensi mbili. Iko ndani ya bahasha hii pamoja na yangu ya kumwambia Mama Mkuu kwamba ni mchezo, kwamba hakuna kaburi, na kwamba mwenye makosa ni mimi. Mchezo wenyewe nimeusimamisha. Sina moyo nao.

Nisamehe. Kama umeshindwa, nitaelewa.

Perez


Nyeri
6 Julai 2025

Perez mpendwa,

Keti chini kwanza.

Mama Mkuu alisoma barua zenu akaniita tena. Nilikuwa nimesimama pale, mara mlango ukafunguliwa akaingia Sista Imelda na barua zako zote mkononi, kuanzia Januari, zimefungwa kwa uzi. Akasema, "Mama, nipe dakika kumi." Alichukua saa nzima! Alieleza kichaka, alieleza kijiji kilichohamishwa, akasimama akanguruma kama joka, akatetea mbuzi wanane. Mimi mdomo wazi. Mwisho Mama Mkuu alipangusa macho kwa kitambaa, akavuta kiti karibu, akaniambia, "Haya, mwanangu. Kuna nini ndani ya hilo sanduku?"

Mtu hawezi kumdanganya Mama Mkuu wiki sita kabla ya nadhiri. Kwa hivyo nikamwambia, na sasa nakwambia wewe. Sijui. Sikuwahi kujua! Siku ile niliwapa sanduku kwa sababu walikuwa wameniharibia mpango wote na nilihitaji kitu cha kuwanyamazisha. Kila wiki niliogopa watalifungua. Lile tabasamu mliloliheshimu miaka mitatu lilikuwa ni woga, dada, woga mtupu.

Mama Mkuu alicheka mpaka Sista Imelda akamletea maji. Nadhiri zipo. Agosti tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi.

Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla sijamaliza kusoma, halafu nikakasirika tena, halafu nikakusamehe vizuri. Na mimi nina yangu ya kusema: nilikupa daftari nikakimbia. Nilijua nikikuaga sawasawa sitaondoka. Hilo lilikuwa kosa langu.

Mchezo urudishe. Wewe ni msimulizi mzuri kuliko mimi, Sista Imelda ni shahidi. Na ile barua ya baraka, ukishindwa niambie tu umeshindwa. Nitasimama pale bila yako. Itaniuma, lakini nitasimama.

Benta


Langas
27 Julai 2025

Benta wangu,

Tuko wazima. Mahindi ya Moiben yamefika kifuani, Chepkorir anatembea akijisifu. Mama ameshaamua atavaa nini tarehe kumi na tano na ameshaniita mara nne kupunguza mikono.

Nilirudisha mchezo jana. Wote watatu walikuja, kwa wakati, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu Mungu aumbe Jumamosi. Nikawaambia, "Mko kaburini. Sanduku liko mbele yenu. Mkitaka kulifungua, fungueni."

Hawakuamini. Muchiri akatafuta ukurasa, akakosa. Walijadili kama sanduku lina mtego, walijadili nani asimame nyuma ya nani, dakika arobaini nzima. Mimi nilikuwa nafurahi hivyo, kwa sababu sikuwa na chochote. Nilikuwa nimekaa wiki mbili nikifikiria, taji, ramani, mtoto wa joka, na kila kitu kilikuwa kidogo kuliko vile walivyolibeba. Mabonga akachukua dadu ya pande ishirini bila kuuliza mtu. Bila kuuliza! Akarusha. Kumi na tisa. Kifuniko kikafunguka na wote wakaniangalia, na mimi nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini.

Nikasema, "Ni tupu."

Muchiri alivua miwani. Nikajua nimeua mchezo, miaka mitatu ya watu imeishia hapo mbele yangu.

Chepkorir akasema, "Tupu kabisa? Basi tuna mahali pa kuwekea vitu."

Wueh, Benta! Ndani ya dakika moja walikuwa wanapigana. Mabonga anataka kuweka jino alilopewa na wazee wa majoka. Muchiri anataka yale makubaliano ya mbuzi yawekwe kwanza, nakala mbili. Chepkorir anataka mbegu. Walizozana mpaka giza likaingia, Mama akaja kutufukuza akabaki, akauliza kama kuna nafasi ya kitunguu. Nimecheka mpaka mbavu zikaomba msamaha. Na katikati ya kucheka nikagundua sikuwa nimegeuka kukutafuta ukutani. Nililia kidogo kwa sababu ya hilo. Mabonga alidhani ni vumbi.

Sasa chukua karatasi hii ya pili, ni ya kusoma mbele ya watu. Mpe Sista Imelda aisome, ana sauti.

"Mimi ni Perez Akello wa Langas. Benta aliletwa kwetu akiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa na dada mwingine. Alipoomba baraka yangu nilikaa miezi saba bila kumpa, nikidhani nikiinyima atabaki. Mama Mkuu, masista, naomba radhi. Benta, nilikuwa nimesimama mlangoni kukuzibia njia. Nimetoka. Nenda, dada yangu, nenda na furaha yote, na mimi nitakuwa kiti cha mbele nikipiga vigelegele mpaka waniambie niketi."

Perez